Jinsi ya Kuchaji Gari la Umeme Nyumbani kwa Ziada ya Umeme wa Sola

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko mengine yote kuhusu gari la umeme ni hili: "Nina paneli za kilowati 5 juu ya paa, gari nalichaji saa sita mchana jua likiwa utosini, na bado mita inasoma umeme wa gridi. Kosa liko wapi?" Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Chaja ya ukutani ya ampea 32 huvuta kilowati 7 na ushei, paneli zinatoa 4, friji na pampu ya maji zimekwisha kula sehemu ya hizo 4, na upungufu wote unajazwa na gridi kimyakimya. Gari huvuta kiasi lilichoruhusiwa kuvuta. Halijui kama umeme huo umetoka juu ya paa au kwenye nguzo.

Kazi yote, basi, ni kuifanya kasi ya kuchaji ipande na kushuka pamoja na ziada. Unaweza kuifanya kwa mkono, ukiwa na kebo ya kawaida na saa, au ukaiachia chaja inayojirekebisha yenyewe. Nitaeleza njia zote mbili, kwa kuwa ya kwanza inafundisha mambo ambayo ya pili huyaficha, na wengi wanaolalamikia chaja zao za kisasa hawakuwahi kuipitia ile ya kwanza.

Neno "ziada" lina maana moja tu hapa: umeme unaobaki baada ya nyumba kutumia wake, ambao usipoupatia kazi utatoka kwenda kwenye gridi. Hupimwa mahali pamoja, nao ni kwenye waya mkuu unaoingia nyumbani. Namba inayosomeka kwenye kioo cha inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, ni uzalishaji, na anayeitumia hiyo kukadiria ziada yake atakosea kila siku. Ninaposema uniti, nina maana ya kilowati moja iliyotumika kwa saa nzima, kama mita zinavyohesabu.

Vitu unavyohitaji kabla ya kuanza

- Mfumo wa sola unaofanya kazi, pamoja na kujua uwezo wa inveta yake. Paneli za kilowati 6 zilizofungwa kwenye inveta ya kilowati 4 hazitakupa zaidi ya 4 hata jua liweje.
- Mita, au kifaa kingine, kinachoonyesha papo hapo umeme unaoingia na unaotoka. Mita inayoonyesha jumla ya mwezi peke yake haitoshi.
- Kebo ya kuchajia ya kubebeka yenye kitufe cha kupunguza ampea, au chaja ya ukutani inayoweza kusoma sensa ya umeme. Chaja ya ukutani isiyokubali sensa wala kubadilishwa ampea haifai kwa kazi hii, hata iwe ghali kiasi gani.
- Kitabu cha gari, ili ujue linapokea ampea ngapi, fezi ngapi, na kama lenyewe linaruhusu kupunguza ampea kwenye skrini yake. Magari mengi yanaruhusu, na wenye magari wengi hawajui.
- Laini ya umeme ya peke yake kutoka kwenye boksi la breka, isiyochangia na soketi nyingine.
- Fundi umeme mwenye leseni. Kusoma mita na kupanga mipangilio ni kazi yako. Kufungua boksi la breka si kazi yako.
- Gari kuwepo nyumbani mchana, angalau siku mbili tatu za juma. Hili ni sharti ambalo hakuna kifaa kitakachokutimizia.

Hatua ya 1: Pima ziada yako kwa siku tatu

Chagua siku tatu zisizofanana, mojawapo iwe ya mawingu, kisha usome mita kila saa kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni na kuandika wati zinazotoka. Inveta nyingi za siku hizi huonyesha mstari huo kwenye programu ya simu, ilimradi ziwe zimefungiwa sensa kwenye waya mkuu. Bila sensa hiyo zitakuonyesha uzalishaji tu.

Usitazame kilele peke yake. Siku moja nilisimama mbele ya mita saa tano asubuhi, wati 3,100 zikitoka. Birika la umeme likawashwa jikoni, namba ikaanguka hadi 1,050 kabla sijageuza kichwa, na dakika nne baadaye maji yalipochemka ikarudi palepale. Kama gari lingekuwa linavuta wati 3,000 muda huo, lingechajiwa kwa sehemu kubwa na gridi hadi chai iive. Pasi, hita ya maji na pampu hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo namba unayoitafuta ni ile ambayo ziada yako hushuka chini yake kwa nadra kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Tuiite ziada ya kutegemewa.

Hatua ya 2: Geuza wati ziwe ampea

Chaja na gari huzungumza kwa ampea, wala si kwa wati. Kwa umeme wa volti 230 na fezi moja, hesabu ni hizi:

- ampea 6 ni wati 1,380
- ampea 8 ni wati 1,840
- ampea 10 ni wati 2,300
- ampea 13 ni wati 2,990
- ampea 16 ni wati 3,680
- ampea 32 ni wati 7,360

Tazama kwa makini mstari wa kwanza, kwani maswali mengi ya wanaoanza yanaishia hapo. Kanuni ya kimataifa ya IEC 61851, inayoongoza mawasiliano kati ya chaja na gari, haina kiwango kilicho chini ya ampea 6. Chaja hulipelekea gari ishara ndogo inayopiga mara 1,000 kwa sekunde, na upana wa kila pigo ndio unaolieleza gari linaruhusiwa kiasi gani: pigo linalojaza asilimia 10 ya nafasi yake ni ampea 6, linalojaza asilimia 50 ni ampea 30. Hakuna pigo la ampea 3. Ndiyo maana ziada ya wati 900 haiwezi kulichaji gari hata kidogo, na ndiyo maana chaja nzuri kabisa husimama wingu linapopita. Chini ya wati 1,380 una mawili tu: kusimamisha, au kukubali gridi ijazie kinachopungua.

Chukua mfano. Paneli zinatoa wati 4,000, nyumba inatumia 700, ziada ni 3,300. Gawa kwa 230, unapata ampea 14 na sehemu. Ukiweka 13 badala ya 14, unajiachia nafasi ya wati 300 hivi kwa friji itakayowaka. Ukichaji hivyo kwa saa 4 utakuwa umetoa uniti 12 hivi ukutani, na kwa kuwa uniti moja au zaidi hupotea kama joto na matumizi ya mitambo ya gari lenyewe, betri itapokea kama 10 na nusu. Gari linalotumia uniti 16 kwa kilomita 100 litakwenda kilomita 65 kwa umeme huo. Ni safari ya kila siku ya watu wengi, lakini si kujaza betri ya uniti 60 kwa mchana mmoja, na anayetarajia hivyo anajitafutia huzuni bure.

Hatua ya 3: Amua kuhusu fezi

Kama nyumba yako ina fezi moja, au njia moja kama mafundi wengi wanavyoiita, ruka hatua hii.

Wenye fezi tatu hudhani wamependelewa, na kwa kuchaji haraka wamependelewa kweli. Kwa sola mambo ni kinyume: ampea 6 kwenye kila fezi ni wati 4,140, na hicho ndicho kiwango cha chini. Mfumo wa kilowati 5 utakifikia kwa saa moja au mbili za katikati ya mchana, na siku nyingine hautakifikia kabisa. Ushauri wangu ni kuchaji kwa fezi moja, isipokuwa paneli zako zinazidi kilowati 8 hivi. Zipo chaja zinazoruka zenyewe kutoka fezi moja hadi tatu jua linapozidi. Ni nzuri, ila hakikisha kwanza kwamba gari lako linalivumilia ruko hilo, kwa sababu baadhi ya magari hutoa hitilafu fezi zinapobadilishwa yakiwa yanachaji.

Uliza pia mita yako inahesabu vipi. Mita fulani hujumlisha fezi zote tatu na kukudai tofauti tu. Nyingine huhesabu kila fezi peke yake. Kwa aina ya pili, ukichaji kwenye fezi ya kwanza huku inveta inaingiza umeme kwenye ya pili, utauza huku na kununua kule kwa wakati mmoja, na mwisho wa mwezi utashangaa.

Hatua ya 4: Andaa laini ya kuchajia

Hatua hii ni ya fundi, lakini wewe ndiwe utakayelala katika nyumba hiyo, kwa hiyo ujue la kumuuliza.

Birika hupiga ampea 9 kwa dakika nne na kupoa. Gari hupiga ampea hizohizo kwa saa sita mfululizo, na kiungo kilicholegea ambacho birika halikukigundua kwa miaka kumi kitaungua kwa gari ndani ya mwezi. Laini ya chaja ya ampea 32 kwa kawaida hutumia waya wa milimita za mraba 6, na 10 ikiwa umbali ni mrefu au waya unapita mahali pa joto. Fundi apige hesabu ya nyumba yako, asikisie. Ethi ipimwe kwa kifaa, isitazamwe kwa macho.

Kinga ya uvujaji wa umeme ni jambo ambalo hata mafundi wazuri hulikosea. Gari lenye hitilafu linaweza kuvujisha umeme wa DC, yaani wa mkondo usiogeuka mwelekeo, na umeme huo huipofusha kinga ya aina ya zamani iitwayo AC, ikabaki imewashwa wakati ilipaswa kukata. Inatakiwa kinga ya aina B, au ya aina A ikiwa chaja yenyewe ina kigunduzi cha DC cha miliampea 6. Muulize fundi ni ipi kati ya hizo mbili, na usiridhike na jibu la "imeshawekwa".

Onyo: ukitumia kebo ya kubebeka kwenye soketi ya kawaida, usizidishe ampea 10 hata kama soketi imeandikwa 13, wala usitumie ekstensheni, hasa ile ya kuviringishwa. Baada ya nusu saa ya kwanza gusa plagi kwa nyuma. Uvuguvugu ni kawaida. Kama huwezi kuushikilia mkono hapo kwa raha, zima, na usirudie hadi soketi ibadilishwe.

Hatua ya 5: Chaji kwa mkono kwa juma moja

Hata kama chaja ya kisasa imekwisha kufika na iko kwenye sanduku lake, fanya hivi kwanza. Weka ampea sawa na ziada yako ya kutegemewa, au 6 kama huna hakika. Panga gari lianze kuchaji saa nne asubuhi na kuacha saa tisa alasiri. Mpangilio huo umo kwenye gari lenyewe au kwenye kebo. Weka kikomo cha betri kwenye asilimia 80, isipokuwa kitabu cha gari lako kinasema vingine, kama ilivyo kwa magari yenye betri za aina ya LFP (lithiamu, chuma na fosfeti) ambayo watengenezaji wake mara nyingi hushauri kujaza hadi 100 mara kwa mara.

Kisha soma mita mara tatu kwa siku. Mita ikionyesha umeme unaingia, punguza ampea. Ikionyesha zaidi ya wati 500 bado zinatoka, ongeza. Baada ya juma utaijua nyumba yako vizuri kuliko programu yoyote: utajua kwamba pampu huwaka saa tano, kwamba kivuli cha mti hufika paneli za upande mmoja saa nane, na kwamba wati fulani huliwa usiku kucha na kitu ambacho hujakitambua bado. Wapo wanaoishia hapa na wasihitaji kununua chochote zaidi. Mwenye gari linaloshinda nyumbani na jua lisilo na mawingu mengi anaweza kabisa kuwa mmoja wao.

Hatua ya 6: Funga sensa kwenye waya mkuu

Kwa njia ya otomatiki, chaja inahitaji macho, na macho yake ni sensa ya kubana: pete ndogo inayofunguka, ikazungushwa kwenye waya, ikafungwa. Masharti yake ni manne.

Kwanza, ibane waya wa laivu peke yake. Ukiibana laivu na nyutro pamoja, mikondo miwili inayokwenda kinyume inafutana na sensa inasoma sifuri. Pili, iwe kati ya mita na kila kitu kingine, pamoja na inveta, ili iuone umeme wote unaoingia na kutoka. Tatu, isikike "klik" inapofungwa. Pengo dogo katikati ya pete linatosha kuharibu usomaji. Nne, mshale uliochorwa juu yake uelekee upande ambao maelekezo ya chaja yanataka.

Sharti la nne niliwahi kulidharau. Fundi aliondoka jioni, taa ya kijani ikiwaka, na sote tukaridhika. Usiku gari likaanza kuchaji lenyewe. Likavuta ampea 6, kisha 10, kisha likapanda bila kusita hadi 32, na asubuhi jua lilipokaza likasimama. Sensa ilikuwa kinyume. Umeme uliokuwa unaingia kutoka kwenye gridi iliuona kama ziada inayotoka, kwa hiyo kila gari lilipovuta zaidi, chaja ilidhani ziada imeongezeka, ikaruhusu zaidi. Ilitosha kuigeuza pete. Kazi ya dakika mbili kwa fundi, umeme ukiwa umezimwa. Chaja nyingi zina mpangilio wa kugeuza alama hiyo kwenye programu, bila hata kufungua boksi.

Hatua ya 7: Panga mipangilio ya chaja

Majina hutofautiana, lakini karibu kila chaja ya sola ina hali tatu. Ya kwanza huchaji kwa nguvu zote bila kujali jua. Ya pili huchaji muda wote kwa ampea 6 au zaidi, ikitumia ziada kwanza na kujaziwa na gridi. Ya tatu hungoja ziada itoshe, na ikipungua husimama. Kwenye chaja ya Zappi, kwa mfano, huitwa Fast, Eco na Eco+ kwa mpangilio huohuo. Anayetaka gari lake lisiguse gridi achague ya tatu. Anayelazimika kusafiri kesho asubuhi asiichague.

Weka kiwango cha kuanzia juu kidogo ya 1,380, tuseme wati 1,500 au 1,600. Weka pia muda wa kungoja: chaja isianze mpaka ziada idumu kwa dakika mbili au tatu, na isisimame mpaka upungufu udumu kwa dakika tatu hadi tano. Wapya wengi huweka sekunde chache wakidhani wanaokoa umeme. Matokeo yake ni kontakta, yaani swichi kubwa iliyo ndani ya chaja, kugonga "tak, tak" siku nzima kila wingu linapopita, nayo imeundiwa kugonga mara kadhaa tu kabla ya kuchoka. Magari nayo hayapendi kuamshwa na kulazwa mara 40 kwa siku. Kununua wati mia chache kwa dakika tatu ni rahisi kuliko kubadilisha kontakta.

Mwisho, weka kikomo cha juu cha ampea kulingana na breka na waya wa Hatua ya 4. Chaja ikitoka kiwandani imewekwa 32 na laini yako ni ya 16, hakuna atakayeisahihisha ila wewe au fundi wako.

Hatua ya 8: Ipe betri ya nyumbani zamu yake

Wasio na betri ya nyumbani waendelee na Hatua ya 9.

Betri ya nyumbani na chaja ya gari ni watoto wawili wanaogombea sahani moja. Betri inajitahidi kuifanya mita isome sifuri. Chaja inangoja mita isome ziada. Usipopanga zamu, moja ya mambo mawili hutokea. Huenda betri ikameza ziada yote hadi saa nane mchana na gari lisipate kitu. Au, na hili ni baya zaidi, gari likianza kuchaji betri inaliona kama mzigo wa kawaida wa nyumba na kulimwagia umeme wake wote, ukawa umehamisha umeme kutoka betri moja hadi nyingine na kupoteza sehemu yake njiani, kisha nyumba ikakaa gizani au ikanunua umeme jioni.

Njia ninayoipendelea ni kuipa betri ya nyumbani zamu ya asubuhi hadi ifike asilimia 60 au 70, kisha gari, kisha betri imalizie alasiri wakati ziada imeshuka chini ya kiwango cha gari. Chaja zinazowasiliana na inveta hufanya hivyo zenyewe. Kama yako haiwasiliani, tumia saa: zuia betri isitoe umeme kati ya saa nne na saa tisa, muda ambao gari linachaji. Inveta nyingi zina mpangilio huo.

Hatua ya 9: Fanya jaribio la kwanza ukiwepo

Chagua siku ya jua. Unganisha gari, weka hali ya tatu, kaa na simu yako karibu na mita. Subiri gari lianze, kisha washa pasi. Ndani ya nusu dakika hivi ampea za gari zinapaswa kushuka, na mita irudi karibu na sifuri. Zima pasi, zinapaswa kupanda tena. Kama gari halitikisiki pasi ikiwaka, sensa haioni nyumba, rudi Hatua ya 6. Kama ampea zinapanda pasi ikiwaka, unajua tayari ni nini.

Kwa wasiouza umeme kwenye gridi

Kundi hili husahauliwa na maelekezo ya kiwandani. Kama inveta yako imezuiwa kutoa umeme nje, au nyumba haina gridi kabisa, mita haitaonyesha ziada kamwe, hata jua likiwaka vipi. Betri ikijaa, inveta huzibana paneli zisizalishe kuliko matumizi, na ziada inabaki juu ya paa bila kuzaliwa. Chaja iliyo katika hali ya tatu itangoja hadi jua litue.

Dawa ni kuichokoza. Anzisha gari kwa ampea 6 wakati betri imefika asilimia 95 na kuendelea, utazame kama paneli zitaongeza uzalishaji na betri itabaki palepale. Ikibaki, ongeza ampea mbili, ungoje dakika mbili, utazame tena. Betri ikianza kutoa umeme, rudi nyuma hatua moja. Programu huria kama Home Assistant inaweza kufanya uchokozi huo yenyewe, lakini kwa mkono pia unafanyika. Usisahau uwezo wa inveta: ikiwa ni ya kilowati 5, gari likivuta 3.7 na mtu akawasha hita ya maji, inveta itazima nyumba nzima.

Matatizo ya kawaida na utatuzi wake

*Ziada ipo, gari halianzi.* Tazama kwanza ratiba ndani ya gari. Mtu hupanga gari lichaji usiku wa manane, akasahau, na mwaka mmoja baadaye analaumu chaja. Kama ratiba haipo, tazama kikomo cha betri: gari lililofika 80 limetosheka. Hapo ndipo uhamie kwenye kiwango cha kuanzia cha chaja.

*Gari lilianza asubuhi, likasimama kwa wingu, halikuamka tena.* Baadhi ya magari hulala usingizi mzito baada ya kusimamishwa, yasisikie chaja ikiita. Ongeza muda wa kungoja kabla ya kusimama, au tumia hali ya pili siku za mawingu. Tafuta pia masasisho ya programu ya gari, na kwenye chaja tafuta mpangilio wa kuliamsha gari.

*Mita inaonyesha wati 50 hadi 200 zikiingia muda wote gari linapochaji.* Chaja inabadilisha kwa ampea nzima, na inachelewa sekunde kadhaa nyuma ya jua. Weka akiba ya wati 100 au 200 kwenye mipangilio ili ilenge kutoa kidogo badala ya sifuri kamili.

*Uniti zilizohesabiwa na chaja ni nyingi kuliko zilizoonekana kwenye gari.* Ni kawaida. Gari linapochaji, kompyuta zake na pampu yake ya kupoza huwa macho, nazo hutumia wati mia mbili au zaidi bila kujali ampea ni 6 au 16. Kwa hiyo sehemu inayopotea ni kubwa zaidi kwa ampea 6. Kama hulipwi kitu kwa umeme unaoutoa kwenye gridi, usijali, ungepotea wote. Kama unalipwa vizuri, piga hesabu, na pengine ni afadhali kungoja ziada ifike ampea 10.

*Breka inaruka baada ya saa moja au mbili, si mara moja.* Hiyo ni dalili ya joto. Punguza ampea leo, na umwite fundi akaze viungo na kupima ukubwa wa waya. Usiiwashe tena na tena ukitumaini itazoea.

*Kinga ya uvujaji inaruka mara tu gari linapounganishwa.* Jaribu gari kwenye chaja nyingine, na gari jingine kwenye chaja yako. Tatizo litakalofuatana na gari ni la gari. Litakalobaki ukutani ni la laini au unyevu ulioingia kwenye plagi.

*Gridi ikikatika, chaja inawaka lakini gari linakataa.* Inveta nyingi zilizofungwa kwenye gridi huzima kabisa gridi inapokatika, hata mchana wa jua, ili zisiwarushe mafundi wanaotengeneza nyaya nje. Zile zenye njia ya akiba huendelea, lakini nyutro yake inaweza kukosa kuunganishwa na ethi wakati huo, na gari linalopima ethi kabla ya kuchaji litaona hatari na kukataa. Fundi anaweza kufunga kiunganishi kinachounganisha nyutro na ethi pale tu gridi inapokatika. Hadi atakapofika, usidanganye gari kwa waya wa kuungaunga.